Fundi wa Majina Yanayopanda

Watu wa mtaa wetu wa Kasenga hawakuyaogopa makaburi kama walivyokiogopa kioo cha kompyuta cha fundi wa video. Makaburini unaenda, unalia, ukirudi unanawa mikono na mambo yanaisha. Kwa fundi, ukisogelea meza yake wakati anatengeneza filamu ya matanga, ungeweza kuona jina la mtu uliyemzika juzi likipanda polepole juu ya maji ya ziwa, likipungua ukubwa mstari kwa mstari, mpaka likaingia kwenye ukungu. Nilifanya kazi naye miaka mingi, na hadi leo nakumbuka jina linavyofika kule juu na kufifia.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Fundi hakujiamini na tahajia, kwa hiyo kila familia iliyomjia aliileta kwangu kwanza. Niliandika maisha ya marehemu kama yanavyoandikwa kwetu: alisoma wapi, alibatizwa kanisa gani, aliuza nini sokoni, anawafuata akina nani waliotangulia kufa, anawaacha akina nani. Halafu yeye aliichukua karatasi, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Mtaa mzima ulimwita Papa Video, hata wanawe. Mimi nilimwita Papa tu, na yeye aliniita Mwalimu kwa sauti ya mwanafunzi aliyechelewa, ingawa alinizidi umri kwa mbali.

Kazi yenyewe, ukiitazama mchana na moyo umetulia, haikuwa na uchawi wowote. Aliandika maneno yote katika kipande kimoja, kingo za kulia na kushoto zikiwa sawa. Kisha aliyalaza. Hivyo ndivyo alivyosema, kuyalaza maandishi: aliyainamisha nyuma kwa kipanya kama mtu anayetandika mkeka, upande wa miguuni ukawa mpana na karibu nawe, upande wa kichwani ukaenda mbali na kuwa mwembamba. Baada ya hapo alipiga misumari miwili, ndivyo alivyoziita alama alizoziweka kwenye mashine. Msumari wa kwanza uliiambia mashine maandishi yaanzie wapi, chini kabisa, nje ya kioo, mahali yasipoonekana. Msumari wa pili uliiambia yaishie wapi. Katikati ya misumari hiyo mashine ilitembea yenyewe. Chini ya maandishi aliweka picha ya ziwa aliyoipiga mwenyewe asubuhi, maji yametulia na milima ya Burundi ng'ambo ikionekana kwa shida.

Ukungu ule nilidhani ni wa ziwa. Kumbe aliupaka kwa mkono wake, filamu baada ya filamu. Nilipomwambia kwamba anajichosha bure, alinigeukia akiwa amekasirika kweli.

"Bila ukungu, jina inafika ku mupaka ya kioo, inakatwa," akasema. "Inakatwa kama na panga, Mwalimu. Sasa weye unataka familia ione vile? Hapa kwetu?"

Sikumwambia tena. Katika mji wetu hakuna familia isiyojua alichokuwa akisema.

Jambo jingine alilokataa ni haraka. Wenye matanga huwa na shughuli zao: chakula kinapoa, wageni wa Sange wanataka kuwahi gari la mwisho, mchungaji ana msiba mwingine. Walimwomba aongeze mwendo wa maandishi. Alikuwa na jibu moja, na vijana wa mtaani walilichukua wakawa wanataniana nalo hata kwenye mpira: "Musikimbize marehemu." Alipopima mwendo hakutazama saa. Alisoma kila mstari kwa sauti, kama bibi anayesoma zaburi kwa miwani ya kuazima, na mstari ukimpita kabla hajaumaliza, aliusogeza msumari wa pili mbali zaidi na kuanza upya. Nilimsikia akisoma hivyo kutoka uani kwangu, majina ya watu niliowajua, na mara nyingi niliacha nilichokuwa nikifanya na kuingia ndani.

Lakini kanuni iliyomfanya aogopwe, na iliyomfanya na yeye aogope, ilitokana na kosa. Mwanzoni alikuwa akiyalaza maneno yote, ya wafu na ya walio hai, kwa sababu kwenye karatasi yamefuatana. Katika matanga ya mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakwe na watoto wamejaa uwanjani, shuka limetundikwa ukutani, maandishi yakaanza kupanda. Maisha ya mama yakapanda, yakaingia ukungu, watu wakalia vizuri. Kisha wakaja wale wa "anawaacha". Mkwewe, seremala mnene mwenye sauti kubwa, akaliona jina lake likitokea chini, pana na jeupe, likainuka, likaenda zake juu ya ziwa nyuma ya mama mkwe wake, likafifia. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Yesu."

Kesho yake asubuhi seremala alikuwa mlangoni kwa fundi, ameshika msumeno, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Unishushe," akasema.

"Papa, ni video tu," fundi akamjibu.

"Minye sijui video. Bantu bote baliniona ninaenda. Bibi yangu ameogopa kulala na minye, amelala ku matanga ya mama yake, juu ya weye. Unishushe!"

Nilikuwepo, nimeleta karatasi ya msiba mwingine, na nakiri kwamba nilitaka kucheka, ila sikuweza. Fundi aliketi, akaibadilisha misumari, wa mwisho ukawa wa kwanza. Jina la seremala likatoka kwenye ukungu, jembamba, likashuka kuelekea kwetu, likapanuka mpaka likafika miguuni pake. Akalitazama kwa muda. Akaomba arudishiwe mara nyingine, asadiki. Majirani waliokuwa wamebanana mlangoni wakapiga makofi, mmoja akamletea soda, na seremala akaenda nyumbani kwake akiwa na msumeno wake. Yuko hai hadi sasa na amezidi kunenepa.

Fundi peke yake hakupona. Tangu siku ile hakumlaza tena mtu aliye hai. Maisha ya marehemu na wale anaowafuata yalilala na kupanda. Walioachwa waliandikwa kando, peke yao, wakatokea chini wakiwa wima, wakafika katikati ya kioo wakasimama, msumari wa pili ukiwashikilia hapo mpaka mwisho. Alinihoji kwa kila jina. "Huyu iko muzima? Una hakika? Umemuona lini?" Nilipojibu kwamba nimeambiwa na shangazi yao, alinituma nirudi nikaulize tena. Nilimwona mtu msumbufu. Nilimlalamikia kwa mume wangu karibu kila jioni.

Watu nao waliongeza yao, kama kawaida. Shuka lilipotundikwa uwanjani, hakuna aliyekubali kuketi nyuma yake, kwa kuwa huko ndiko majina yalikokwenda. Watoto walipeana ujasiri wa kupita nyuma ya shuka mbio, wakachapwa. Mchungaji alihubiri juu ya jambo hilo Jumapili mbili, akasema Mungu hahitaji kompyuta kuwapokea watu wake. Alipofiwa na dada yake, alikuja kwangu na karatasi, akaniomba nimwambie fundi ukungu uwe mwingi.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Kwenye arusi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipiga picha huku akicheza, mabega yakimtangulia, na aliwarembesha maharusi kwa maua yanayozunguka na mioyo inayopasuka mpaka ukaona aibu kwa niaba yao. Alikuwa shemasi, lakini hakuna aliyejua utani mbaya kama yeye. Alimpenda kila mtoto wa mtaani na hakumruhusu hata mmoja kugusa mashine yake. Alitumia picha za ziwa maisha yake yote, na ziwa lenyewe aliliogopa. Aliweka kamera juu karibu na barabara, kwa sababu ya viboko wa majini, alisema, na ilipobidi kuvuka kwenda Bujumbura alipita mpakani kwa njia ya nchi kavu huku wenzake wakienda kwa mtumbwi.

Aliwaogopa pia wenye bunduki, wote, bila kuchagua. Hilo tulikuwa nalo pamoja. Katika mji wetu unaweza kulala chini ya amri ya wanaume hawa na kuamka chini ya amri ya wengine, na sare zinafanana. Mmoja aliwahi kuingia chumbani mwake kutaka picha yake ipambwe. Fundi alimpamba. Hofu ilimzidi, ikabidi mimi nishike kipanya, naye akawa ananielekeza kwa kunong'ona. Yule mwanaume alitoka anatabasamu. Sisi tulikaa palepale mpaka mshonaji wa jirani alipokuja kuuliza kama tuko salama.

Sasa chumba chake kimefungwa kwa kufuli. Nasikia yuko upande wa Burundi na anafanya arusi tu. Nikiulizwa habari zake, huwa nasimulia ya seremala, watu wanacheka, tunaagana. Mara ya mwisho nilipomwona siisimulii, maana ilihusu nyumba yangu.

Mdogo wangu Zakaria alikuwa akiendesha pikipiki ya abiria. Asubuhi moja alimpeleka mtu Sange, akanipigia simu kutoka huko kwamba anaendelea mpaka Lubarika kuchukua mchele na atarudi kabla jua halijatua. Mchana huo risasi zililia kwenye tambarare ya Ruzizi, barabara ikafungwa, na simu yake haikuita tena. Mavuno ya mpunga yakapita, na mengine yakapita. Mtu mmoja alituambia ameiona pikipiki ya Zakaria ikiendeshwa na mwenye bunduki. Mwingine akatuapia kwamba amemwona Zakaria mwenyewe, anavuka mto kwenda Burundi katikati ya watu waliokimbia, amebeba mtoto asiye wake. Tuliishi kati ya maneno ya watu hao wawili, na tulichoka.

Kisha baba yetu akafa kwa ugonjwa wa kifua. Siku za matanga zilipokaribia kwisha, baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aliniita mbele ya wote.

"Kwenye video uandike: anamufuata mwana wake Zakaria," akasema. "Tumalize kilio yote mara moja. Bibi yake iko kijana. Hawezi kungoja mupaka azeeke."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Zakaria, ndiye aliyemfundisha kuendesha pikipiki, na alipokuwa akiyasema hayo alitazama chini. Mama alikuwa hasemi kitu tangu tulipomzika baba.

Niliandika karatasi ile kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, na mimi si mtu jasiri. Nikimweka Zakaria upande wa kulazwa, nimemzika kwa kalamu yangu mwenyewe, mbele ya mkewe. Nikimweka upande wa walio hai na kumbe alikufa siku ileile, nimemwacha porini bila hata mtu mmoja wa kumlilia. Niliandika jina la kila mtu. Pake nikaacha nafasi tupu.

Matanga yalikuwa yamalizike kesho yake. Asubuhi ilipofika, habari zilienea kwamba wenye bunduki wengine wanashuka kutoka kaskazini, na maduka ya Kasenga yakawa yanafungwa moja baada ya jingine. Nilimchukua mama, maana hakutaka kubaki peke yake, tukaenda kwa fundi. Tulimkuta begi lake liko mlangoni. Nje kulikuwa na mwenye pikipiki, injini inaunguruma, anamngoja ampeleke mpakani. Mashine tu ilikuwa bado mezani. Alikuwa amemngoja baba yangu apande kwanza.

Mama aliketi kwenye kiti karibu na mlango. Fundi aliisoma karatasi kwa sauti, kama desturi yake, akafika kwenye nafasi tupu, akasimama.

"Mwalimu, umeacha mahali wazi."

"Sikujua nimuweke wapi, Papa. Baba mukubwa anasema alazwe."

"Na weye?"

"Minye naogopa."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Minye pia," akasema.

Nikamwuliza jambo ambalo miaka yote sikuthubutu kumwuliza. Je, ni kweli? Jina la mtu aliye hai likiingia kwenye ukungu, linamuua?

"Haiko inaua. Ingekuwa inaua, ule fundi wa mbao angekuwa alisha kufa zamani. Iko kintu ingine." Aligeuka akaitazama mashine, akawa anasema nayo badala yetu. "Filamu ya kwanza yenye nililaza maandishi ilikuwa ya yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja. Alipotea mu vita ya zamani. Tulingoja, tukachoka, tukafanya matanga bila mwili. Minye mwenyewe nilipandisha jina yake. Bantu bote bakaona imeingia mu ukungu. Siku moja, tuko tunakula bugali ya muchana, akafika mu uwanja."

"Nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Yaya. Muzima. Amekonda, iko na kidonda ku mukono, lakini muzima. Mama yangu alimuona, akakimbilia mu nyumba, akafunga mulango. Yaya akatuomba maji. Hakuna mwenye alimupa. Tulisema ni muzimu. Si tuliona jina yake inaondoka? Akasimama pale ku jua, anatuita majina yetu, moja moja, kusudi tujue ni yeye. Tukaogopa zaidi. Jua ikashuka, akaenda. Hatukumuona tena, mupaka leo."

Hakulia. Alirudisha miwani puani na kusogeza kipanya bila sababu. Mlio mmoja wa risasi ulisikika upande wa kaskazini, kisha milio mingi pamoja, na mwenye pikipiki akapiga honi nje.

Ndipo mama akasema, palepale kitini.

"Papa Video, Zakaria umuweke kwa bazima."

"Mama," nikasema, "baba mukubwa atakasirika. Na kama alishakufa?"

"Kama alishakufa, atanisamehe," mama akasema. "Kama iko muzima, atakuja kuniomba maji, na minye nitakuwa nimemukimbia. Ile hatanisamehe."

Fundi akaandika. Alinitaka nimtajie herufi za jina la Zakaria ingawa alizijua, akaliweka juu ya langu, kwenye safu ya watoto walioachwa. Akapiga msumari wa kwanza. Akaupigilia na wa pili, katikati ya kioo. Kisha akaiendesha filamu. Maisha ya baba yangu yalipanda juu ya ziwa bila haraka, na baba akaingia ukungu, na mimi nikalia kwa mara ya kwanza tangu afe. Walioachwa wakatokea chini wakiwa wima, wakasimama.

Mama hajui kusoma. Alikuja mpaka mezani akiegemea ukuta. "Iko wapi?"

"Hii hapa." Fundi akamwonyesha kwa kidole.

"Itaenda?"

"Haitaenda, mama. Imesimama."

Milio ikarudi, karibu zaidi safari hii, na watu wakaanza kukimbia barabarani. Mwenye pikipiki akachungulia mlangoni, uso umempauka. "Papa, minye naenda! Unakuja ao haukuji?"

Fundi alikuwa amenipa filamu tayari, ndani ya kifaa kidogo nilichokibana kiganjani. Kazi ilikuwa imekwisha. Alisimama, akalishika begi. Mama hakusogea mezani. Alikuwa ameweka kidole chake palepale fundi alipokuwa ameweka chake.

"Rudisha tena," mama akasema. "Nimuone anakuja."

Fundi alinitazama mimi, akautazama mlango. Nilimwona anavyoogopa, jasho likimtiririka shingoni, na nilitaka kumwambia aende, ila kidole cha mama kilikuwa bado kwenye kioo. Pikipiki ikaondoka kwa kasi, sauti yake ikapotelea upande wa mpakani. Akaliweka begi chini. Akaketi, akairudisha filamu mwanzo, na sote watatu tukangoja Zakaria asimame.